Kuiuliza Moteur

Kisangani, tarehe 12 Mei 1963

Kwa mke wangu Kadidja, huko Ubundu,

Salaam nyingi kwako na kwa mama mgonjwa. Mimi mzima. Jogoo wako mzima, ila amezoea kulala juu ya baiskeli yangu na kila asubuhi ninaifuta.

Umeniuliza ni kazi gani hii ya kuvunja vitu vya watu. Bon, nitakueleza, usije ukafikiri mumeo amekuwa mwendawazimu.

Mzungu mwenye garaji alipokimbia mwaka wa uhuru aliacha kamio nyingi za mizigo nyuma ya uwanja. Patron wetu wa sasa, Évariste, anataka kamio litakalotoa mpunga Bafwasende na kupanda vilima vyote bila kupumzika. Akapata turbo, iliyofunguliwa kwenye mashine ya umeme ya kiwanda kilichofungwa. Turbo ni chuma kilichojikunja kama konokono. Moshi wa moteur, injini ya kamio, badala ya kutoka bure, unazungusha gurudumu ndani ya huyo konokono, na gurudumu linasukuma upepo kurudi ndani ya moteur. Ukiongeza na mazuti, mafuta inayoyanywa, inapata nguvu ambazo haikuzaliwa nazo.

Lakini moteur zenyewe ni za kawaida. Ndani hatukubadilisha kitu. Pistoni ni zilezile zilizokuja nazo kutoka Ulaya, zilizotengenezwa zivute mzigo wake na si zaidi. Kwa hiyo Patron anauliza: zinaweza kusukumiwa pumzi kiasi gani kabla ya kufa? Hakuna njia ya kujua ila kuziua. Kamio hizi zimekufa tayari, alisema, sasa zife kwa faida.

Tunafanya hivi. Tunalifunga kwa mnyororo kamio jingine lililoshikwa breki, tunalivuta kwenye ule mwinuko wa kutoka bandarini. Ninatia gia kubwa, si ndogo. Gia ndogo inaihurumia moteur, gia kubwa inailemea. Halafu ninakanyaga mpaka mwisho. Sisi tunasema tunaiuliza moteur. Tunaiuliza mwisho wake uko wapi.

Nayo hujibu, Kadidja. Kwanza sauti ya turbo inakuwa nyembamba kama mbu sikioni. Halafu moshi mweusi. Halafu kwa kitambo kidogo inalegea, kama mtu anayetafuta neno. Hapo ukitoa mguu, inapona. Usipotoa, imekwisha.

Ya kwanza ilipasuka kichwani, maji yakaruka. Ya pili pistoni iliyeyuka ikatoboka katikati kama chapati iliyosahauliwa. Juzi bieli, ule mkono wa chuma unaosukuma pistoni, ulitoka ubavuni ukapita karibu na sikio la Benoît, magasinier wetu mtunza ghala, aliyekuja kutafuta saini. Alikimbia mpaka barabarani na kalamu mkononi. Tukamwita: "Magasinier, rudia, imekufa!" Akajibu kutoka mbali: "Na miye nimekufa!" Tangu siku hiyo hataki kukanyaga nyuma ya garaji. Mwenye kutaka vifaa amfuate dirishani kwake.

Kofia uliyonishonea ilidondokewa na mafuta ile mara ya kwanza. Nisamehe. Sasa kabla ya kuiuliza moteur ninaivua na kuiweka mbele, chini ya kioo. Wenzangu wakiona nimevua kofia wanarudi nyuma bila kuambiwa. Siku nyingine zote siivui hata jua likiunguza, unanijua.

Mumeo,
Lukumani


Ubundu, tarehe 2 Juni 1963

Kwa mume wangu Lukumani,

Barua yako imefika kwa treni pamoja na chumvi. Nilimsomea mama. Alipofika kwa Benoît na kalamu alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa, lakini akasema niendelee. Amesema mwambie mkwe wangu hata mbuzi huchinjwa kwa bismillah.

Kofia iloweke kwenye maji ya majivu, usiku mmoja tu. Usitie sabuni ya garaji, itakula uzi.

Nina swali moja. Unasema ukitoa mguu moteur inapona. Inapona kabisa, au inabaki na ugonjwa ndani usioonekana? Nauliza kwa sababu ya mama. Kuna siku anaamka kama mtu aliyepona.

Jogoo mfungie bafuni.

Mkeo,
Kadidja


Kisangani, tarehe 9 Februari 1964

Kadidja,

Nilichelewa kukujibu swali lako kwa sababu nilitaka kuwa na hakika. Jibu ni hili: ukitoa mguu mapema, inapona kabisa. Nimefungua moja na kuitazama ndani. Haikuwa na alama.

Kamio la Patron limekamilika. Tumeua moteur za kutosha, sasa tunajua pa kusimama. Nimeibana skurubu ya pompe ya mazuti kabla ya mahali pa kufa, nikapaka rangi nyekundu juu yake ili mtu asiiguse. Wiki iliyopita nilipanda nalo Mgongo, kile kilima kirefu cha barabara ya Bafwasende, na mpunga umejaa mpaka kamba zinalia. Sikusimama hata mara moja. Nilipanda kwa gia ndogo, kwa heshima, nikiisikiliza. Huko juu nilishuka nikaishika kapo, lile bati la kufunika moteur, lilikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe.

Kwenye kapo nimechora jogoo wako. Mwili umetoka vizuri, lakini rangi iliniishia nikiwa kwenye mguu wa kwanza, kwa hiyo anao mmoja tu. Benoît alisimama akamtazama sana. "Huyu kuku iko kilema?" Nikamwambia: "Hapana, mwingine ameukanyagia mazuti." Sasa watu wa soko wote wanasema kamio la mguu mmoja limefika.

Mama akipata nafuu, rudi. Nyumba inasikika sana nikiwa peke yangu.

Mumeo,
Lukumani


Ubundu, tarehe 20 Septemba 1964

Kwa mume wangu,

Treni haiji tena. Barua hii nampa mtu anayeshuka kwa miguu kufuata reli. Sijui kama atafika.

Mama alifariki Ijumaa. Tulimzika kabla ya alasiri. Watu walikuwa wachache kwa sababu ya hofu.

Tunasikia waasi wa Simba wameshika mji na wanachukua magari. Wakitaka kamio, wape. Wakitaka wewe uendeshe, endesha. Usibishane nao. Mimi nitakuja njia ikifunguka.

Kadidja


Kisangani, tarehe 4 Machi 1965

Kwa ndugu Benoît, huko Bunia,

Mimi ni Kadidja, mke wa Lukumani dereva. Nimepata habari zako kwa Waziri mwuza samaki, ambaye amesema yuko nawe mtaa mmoja na kwamba u mzima. Nimefurahi.

Nimerudi Kisangani tangu Januari. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Baiskeli haiko, jogoo hayuko, kitanda kipo. Jirani alikuwa ameweka sufuria zangu kwake, amenirudishia zote na kifuniko kimoja zaidi ambacho si changu.

Watu wameniambia kwamba mwezi wa kumi Simba walimlazimisha Lukumani kupakia makarani waliokamatwa, nawe ukiwa mmoja wao, mmefungwa mikono wawili wawili, wakaelekea barabara ya Bafwasende. Zaidi ya hapo hakuna anayejua. Wengine wanasema alikufa. Hakuna aliyemwona.

Zuberi, kaka yake, amesema yatosha, watasoma hitima Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Mchele umekwisha kuletwa. Kama unajua neno, niandikie kabla.

Kadidja


Bunia, tarehe 19 Machi 1965

Dada Kadidja,

Barua yako nimeipokea. Pole kwa mama.

Msisome hitima. Nilimwona Lukumani kwa macho yangu. Kamio liliharibika kidogo njiani na katika fujo hiyo sisi wengine tulikimbilia msituni. Lakini walilitengeneza, nikaliona linaendelea kuelekea Mambasa, yeye akiwa kwenye usukani, moteur inaimba. Wengi waliokwenda upande ule walivukia Uganda au Sudani. Watarudi siku moja.

Wewe tumaini tu, dada. Mtu mwenye tumaini hafi moyo. Ninakuombea kanisani kila Jumapili.

Ndugu yako,
Benoît


Kisangani, tarehe 27 Juni 1965

Ndugu Benoît,

Asante kwa barua yako ya Machi. Mwalimu Asumani aliisoma msikitini mbele ya watu, kisha wakavunja hitima. Mchele uliokuwa umeletwa kila mtu alirudishiwa wake. Zuberi alilia kwa furaha. Mimi nilikwenda nyumbani nikaosha sinia ambazo hazikutumika.

Nataka nikueleze jambo, kwa sababu wewe ni Mkristo na labda hukulijua. Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda. Hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, watu huja kukaa naye, wanajua wamwambie nini. Halafu hutoka, na ni mjane, na maisha yanaendelea upande huo. Lakini aliyeletewa habari kwamba mumewe ameonekana hai hawezi kukaa eda. Pia hawezi kuitwa mke, maana mume hayuko. Sokoni wanawake wakiniona wananyamaza. Si kwa ubaya. Hawajui salamu ya mtu kama mimi ni ipi. Kila jioni ninapika wali wa watu wawili, asubuhi ninawapa majirani sehemu moja. Silii. Nimejaribu, haiji.

Sasa nikueleze la pili. Juzi nilikwenda kwa Sefu, yule anayegonga mabati na kutengeneza babula za makaa, kwa sababu yangu imetoboka. Alikuwa nazo tano mbele yake. Nilichukua moja kuitazama chini, nikaona jogoo. Kichwa kimekatwa wakati wa kukunja bati, lakini mkia upo na mguu upo, mmoja.

Nilimwuliza: "Bati hii umepata wapi?"

Akasema: "Mama, hii ni kapo ya kamio. Vijana wa barabara ya Bafwasende waniuzia. Iko moja imeungua kule Mgongo tangu mwaka jana, kila mutu anakata kipande chake."

Ndugu Benoît, mimi si fundi. Pengine kamio linaweza kuacha kapo lake Mgongo na kuendelea mpaka Mambasa. Pengine linaweza kuungua halafu likaimba. Sikuandikii kwa hasira. Niandikie tu nikae wapi.

Kadidja


Bunia, tarehe 15 Julai 1965

Dada Kadidja,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. La eda sikulijua. Nilidhani kukuacha na tumaini ni kukupa kitu. Sikujua ni kukunyima. Sasa nitasema yote, na huyo Mwalimu umsomee.

Lukumani amefariki. Nilisikia kwa masikio, na nilimwona baadaye.

Tulikuwa nyuma ya kamio, tumefungwa. Mimi nilifungwa na René wa posta. Hatukuambiwa tunapelekwa wapi, lakini walikuwa wamepakia majembe pamoja nasi na hakuna aliyekuwa na shamba huko. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kabini, penye kile kidirisha kidogo, nikimwona Lukumani mgongo na nusu ya uso. Pembeni yake alikaa mkubwa wao na bunduki magotini.

Tulipofika chini ya Mgongo, Lukumani alishuka akasema anatazama maji. Alifungua kapo akainama kidogo, akafunga. Aliporudi kwenye usukani alivua kofia yake akaiweka mbele chini ya kioo. Nakumbuka kwa sababu sikuwahi kumwona bila kofia, na nilifikiri maskini, joto limemzidi. Halafu akaanza kupanda kwa gia kubwa. Hata mimi wa magasin najua kilima hakipandwi kwa gia ile. Kamio lilivuma, likapiga filimbi kali, yule mkubwa akafurahi, akawa anagonga mlango: "Upesi! Upesi! Hii ndiyo kamio!" Moshi mweusi ukatufunika. René alipiga kabini kwa kichwa, alipiga kelele: "Dereva, toa mguu, unaiua!" Nilimwona Lukumani amegeuza sikio upande wa moteur, kama anayesikiliza redio. Mguu hakutoa.

Kisha chuma kikapasuka. Sijui nieleze vipi. Kilitoka ubavuni, mafuta yakamwagika juu ya bomba la moto, moto ukashika. Kamio lilirudi nyuma, likajilaza ukingoni mwa bonde. Walinzi waliruka upande wa barabara, sisi tulianguka upande wa bonde, wawili wawili, tukabingirika. Walipiga risasi kwenye majani. Wengi wetu tulipona, dada. Wengi kuliko unavyofikiri.

Mimi na René tulilala kwenye matope chini ya magogo. Nilisikia mkubwa wao anauliza: "Umeua kamio yetu kwa nini?" Na Lukumani akajibu bila kupandisha sauti: "Ni moteur ya kawaida, chef. Ilichoka tu." Halafu bunduki.

Watu wa kijiji cha karibu walimzika baada ya Simba kuondoka kwa miguu. Tulisaidia kubeba. Yuko juu ya barabara, upande wa kulia ukitoka Kisangani, mahali kilima kinapoanza kulala. Mzee mmoja wa kule alikuwa Mwislamu, alimlaza alivyojua, akamfunika turubai. Kofia iliungua na kabini.

Nitakuambia pia kwa nini nilidanganya. Si kwa sababu ya tumaini peke yake. Lukumani alikuwa dereva namba moja wa Kisangani, na aliuawa kwa kosa la mwanafunzi. Alikosea gia. Nilifikiri ni hofu, au joto, au alichoka kama alivyosema mwenyewe. Mungu alitumia kosa lake kutuokoa, nami ninamshukuru Mungu, lakini sikutaka mke wake amkumbuke hivyo, wala wenzake garajini wamcheke. Nilipenda zaidi awe anaendesha kuelekea Mambasa.

Nisamehe.
Benoît


Kisangani, tarehe 8 Agosti 1965

Ndugu Benoît,

Barua yako imefika. Nimeisoma peke yangu kwanza, halafu Zuberi ameisoma, halafu Mwalimu Asumani. Mwalimu ameikubali.

Alihesabu kwa vidole. Akasema kama Lukumani alifariki mwezi wa kumi, basi eda yangu ilikwisha wakati ule nilipokuwa nikikuandikia barua ya kwanza. Kwa kitabu, ilipita. Nilikuwa nikichota maji, nikifagia, nikinunua chumvi, na ndiyo ilikuwa ikipita. Nilimwuliza je, siwezi kukaa sasa? Akatazama chini. Akasema hakuna anayekatazwa kukaa nyumbani kwake.

Kwa hiyo nakaa. Dada zake Lukumani wamekuja na mikeka. Aziza, aliye mdogo, ndiye atakayeipeleka barua hii posta. Hitima imesomwa Ijumaa. Mchele uliletwa tena na watu walewale. Sinia zimetumika.

Sikupi wewe kosa. Ulifanya kama kwenu mnavyofanya.

Lakini kuna neno moja sitaliacha hivyo. Ninayo barua ya Lukumani ya mwaka wa sitini na tatu, aliyonieleza kazi yao ya nyuma ya garaji. Wewe hukuijua kazi ile, kwa sababu tangu bieli ikupite sikioni hukurudi kule. Tulicheka sana, mimi na mama yangu, Mungu amrehemu. Ninakuandikia maneno yake kama yalivyo:

"Ninatia gia kubwa, si ndogo. Gia ndogo inaihurumia moteur, gia kubwa inailemea."

Na haya: "Hapo ukitoa mguu, inapona. Usipotoa, imekwisha."

Na barua nyingine yasema alibana skurubu ya pompe akaipaka rangi nyekundu mtu asiiguse. Wewe umesema alifungua kapo akainama kidogo. Aliyeongeza mazuti ni yule yule aliyepaka rangi.

Moteur ile ilikuwa imepanda Mgongo na mpunga umejaa mpaka juu. Makarani mliofungwa mlikuwa na uzito gani? Isingechoka. Aliiuliza. Aliposikiliza kama redio, alikuwa akisikia ikimjibu, na alijua mahali pa kutoa mguu kuliko mtu yeyote wa mji huu. Niliwahi kumwuliza kama inapona kabisa. Akafungua moja kuitazama ndani ndipo akanijibu. Mtu wa namna hiyo hakosei gia.

Mimi nilimwandikia asibishane nao. Sijui kama barua ile ilimfikia. Kama ilifika, naona alinitii. Hakubishana.

Babula ya Sefu ninayo. Alikataa niilipie, nimemlipa. Jogoo nimemgeuzia upande wa ukuta ili moshi usimfute upesi. Bado ninapika wa watu wawili, mkono umezoea, lakini siku hizi Aziza anakula.

Ninakuomba kitu kimoja tu. Mtafute René, na wale wengine mliobingirika nao bondeni, popote walipo. Usiwaambie habari za moteur, hawataelewa, ni mambo marefu. Waambie tu kwamba kabla ya kupanda, alivua kofia.

Kadidja, mjane wa Lukumani